Mauti na Vyeo katika Picha za Mbao za Hans Holbein

Mwaka 1538, mjini Lyon, Ufaransa, ndugu wawili wapiga chapa, Melchior na Gaspar Trechsel, walitoa kitabu kidogo chenye picha 41 zilizochongwa mbaoni. Mchoraji wake alikuwa Hans Holbein, aliyezichora huko Basel yapata miaka ya 1523 hadi 1526. Mbao alizichonga Hans Lützelburger, ambaye alifariki mwaka 1526 asikione kitabu.

Istiara yenyewe haikuwa ngeni. Tangu karne iliyotangulia, ukuta wa makaburi ya watawa wa Kidominiko mjini Basel ulikuwa na picha ya Mauti akicheza ngoma na watu wa kila cheo. Hayo yalikuwa mafundisho ya mimbarini: mfalme na maskini wote ni udongo. Lakini neno limhusulo kila mtu halimshtaki yeyote.

Holbein aliuvunja mstari ule wa wachezaji. Katika picha zake kila mtu hujiwa peke yake, penye shughuli zake, na Mauti, aliye kiunzi cha mifupa, hawatendei wote sawa. Hakimu amekunjua kiganja kumwelekea tajiri anayetia mkono mfukoni, na maskini amesimama kando akingoja haki; Mauti anamnyang’anya hakimu fimbo yake ya cheo. Mtawa wa kike amepiga magoti mbele ya altare, kumbe amegeuza uso kumtazama kijana apigaye kinanda kitandani. Papa anambusisha Kaisari mguu wake, na mashetani wako karibu.

Sasa msomaji amtazame mkulima. Ni mzee, nguo zake zimeraruka, na jua linatua nyuma ya kanisa. Hapa Mauti hanyang’anyi kitu: anakimbia kando ya farasi na kuwachapa ili plau ifike mwisho wa shamba. Wako wanaoiona picha hii kuwa mandhari tu, sikubaliani nao. Mbao hizi zilichongwa miaka ileile ya vita vya wakulima wa Ujerumani, 1524 hadi 1525, na ni vigumu kuamini kwamba huruma hiyo ilitokea kwa bahati.

Juu ya kila picha palipigwa chapa maneno ya Biblia kwa Kilatini, na chini yake beti za Kifaransa. Jina la Holbein halikutajwa. Mchongaji aliacha herufi mbili tu, HL, kwenye kitanda cha mke wa mtawala.