Hoteli za kifahari za Unguja: tofauti zake kwa msambazaji

Msambazaji mgeni hudhani hoteli zote za kifahari za Unguja hununua kwa namna moja. Sivyo.

Kiwengwa, pwani ya mashariki, zipo hoteli kubwa ambazo mgeni hulipa mara moja chumba, milo yote na vinywaji. Kwa kuwa mgeni hali nje, hoteli hununua mzigo mkubwa, lakini hubana bei.

Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayakupwi mbali, hivyo wageni huogelea karibu saa zote. Wengi hulipia chumba na kifungua kinywa tu; jioni hula kwenye migahawa ya jirani. Hapo soko lako si hoteli peke yake.

Mnemba ni kisiwa kidogo chenye hoteli moja ya vyumba vichache, na bei yake ni ya juu sana. Oda ni ndogo, ubora ndio sharti. Mzigo huvuka kwa boti, na kitu kikiharibika njiani, kisiwani hakuna duka la kununua kingine.

Jambo moja huzigusa zote: masika. Kati ya Machi na Mei wageni hupungua, na baadhi ya hoteli hufunga kabisa. Anayekopesha mzigo Februari ahakikishe tarehe ya malipo imeandikwa na inaangukia kabla ya mlango kufungwa. Vinginevyo atasubiri hadi Juni, huku mwenye lori na mkulima wakimdai yeye.