George Lilanga: Shetani wa Kimakonde Kutoka Mpingo Hadi Rangi

Kazi za George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1934 na kufariki dunia Dar es Salaam mwaka 2005, mara nyingi huwekwa katika kundi moja na michoro ya Tingatinga kwa sababu ya rangi zake kali za mafuta, ilhali anayezifuatilia tangu mwanzo huona kuwa chimbuko lake ni uchongaji, na kwamba kila alipoingia katika nyenzo mpya aliingia na umbo lilelile la shetani.

Neno shetani, kwa wachongaji wa Kimakonde, hutaja pepo wa porini, kiumbe mwenye masikio makubwa, tumbo lililotokeza na viungo visivyotimia, ambaye anaweza kudhuru au kufanya mzaha tu. Mtindo wa kumchonga ulianza Dar es Salaam katika miaka ya 1950, na huhusishwa zaidi na Samaki Likankoa, mmoja wa Wamakonde wengi waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, baadhi yao wakitafuta kibarua katika mashamba ya mkonge. Mpingo, mti mgumu wenye kiini cheusi, ulipendwa na wanunuzi wa mjini, hata ukaja kudhaniwa kuwa ndio mti wa asili wa sanaa ya kabila hilo, ingawa mapiko, yaani vinyago vinavyovaliwa usoni katika ngoma za jando na unyago, vilichongwa tangu zamani kwa miti laini na myepesi, na vingi vilitiwa rangi.

Lilanga alijifunza kuchonga akiwa kijana, kwanza kwa mizizi ya mihogo, kisha kwa miti laini, na hatimaye kwa mpingo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam, ambako mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, alimsaidia kupata kazi ya ulinzi wa usiku katika Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa kwa juhudi za Sista Jean Pruitt. Huko kipaji chake kilionekana, akapewa nafasi ya kufanya kazi miongoni mwa wasanii, na katika miaka iliyofuata akachora juu ya ngozi za mbuzi, akatengeneza batiki, ambayo ni nguo inayochorwa kwa nta kabla ya kutiwa rangi, na akabuni mapambo ya chuma yenye mashetani wanaocheza.

Hatua iliyombadilisha zaidi, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni uchapaji wa bamba, ambapo bamba la madini hupakwa nta, mchoraji akaikwaruza kwa sindano, kisha tindikali ikala pale palipokwaruzwa, na wino unaobaki katika mifereji hiyo ukahamia kwenye karatasi kwa mgandamizo. Mchongaji hutegemea ujazo na kivuli, lakini sindano humwachia mstari peke yake; ndiyo maana katika michoro ya baadaye ya Lilanga kila kiumbe amezungushiwa mstari usiokatika, tumbo la mmoja likiziba pengo la mgongo wa mwenzake, hadi uso wote wa kibao ukajaa watu wanaocheza ngoma, wanaokunywa pombe au wanaogombana. Mpangilio huo wa miili iliyoshikana unafanana sana na ule wa vinyago vya ujamaa, yaani nguzo za mpingo zenye watu waliopandana.

Baadaye alirudi kwenye mti, safari hii mti laini aliouchonga na kuupaka rangi za mafuta, na wapo waliouona uamuzi huo kama kuiacha mila. Hoja hiyo haina nguvu, kwa kuwa mti mwepesi uliotiwa rangi uko karibu zaidi na mapiko kuliko mpingo uliong'arishwa kwa ajili ya duka.

Ugonjwa wa kisukari ulimfanya akatwe miguu katika miaka yake ya mwisho, lakini hakuacha kazi: alichora mistari, na vijana waliokuwa wakijifunza kwake wakajaza rangi, utaratibu ambao uliwatia shaka baadhi ya wakusanyaji wa sanaa waliotaka kila alama itoke kwa mkono mmoja, ingawa kwa wachongaji wa Kimakonde, ambao kwa kawaida hukaa pamoja chini ya fundi mmoja, kijana akisugua kwa msasa kile ambacho mkubwa wake amekichonga kwa tezo na patasi, kugawana kazi kwa namna hiyo ni jambo la kila siku.