Elimu ya Lazima Kasese na Bwera: Sheria Imbane Nani?

Sheria za elimu ya lazima hutungwa kwa dhana kwamba kikwazo ni mzazi: asiposukumwa, mtoto wake atabaki shambani au sokoni. Historia ya Kasese, na hasa ya Bwera iliyo mpakani mwa Kongo, inaipinga dhana hiyo. Huku watu walidai shule miaka mingi kabla Bunge la Uganda halijawaamuru wazazi kuwapeleka watoto. Iliyochelewa ni serikali, na kwa maoni yangu ndiyo iliyostahili kubanwa kwanza.

Wakati wa ukoloni Wakonzo, ambao ndio wenyeji wa Kasese, walitawaliwa kupitia ufalme wa Toro, na elimu iliachiwa misheni kwa sehemu kubwa. Shule zenye sifa, kama Nyakasura na St Leo's Kyegobe, zilikuwa upande wa Fort Portal, na Kitoro ndicho kilichotumika madarasani. Mtoto wa Bwera alianza kusoma kwa lugha isiyo ya nyumbani kwao, na akitaka kuendelea ilimbidi aende mbali, tena miongoni mwa watu waliomdharau. Ubaguzi katika shule na nafasi za masomo ulikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyowafanya Wakonzo na Waamba watake kujitenga na Toro mwaka 1962. Isaya Mukirania, aliyeongoza vuguvugu la Rwenzururu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Jamii iliyoweka shule katika madai yake ya kisiasa haiwezi kuhesabiwa kuwa jamii isiyojua thamani ya kusoma.

Njia ya kufikia sheria ilikuwa ndefu. Tume iliyoongozwa na Profesa Senteza Kajubi ilitoa ripoti yake mwaka 1989, ikapendekeza elimu ya msingi iwafikie watoto wote. Katiba ya 1995, katika Ibara ya 34, ikampa mtoto haki ya elimu ya msingi na kuuweka wajibu wa elimu hiyo juu ya serikali na wazazi kwa pamoja. Januari 1997 ukaanza mpango wa elimu ya msingi kwa wote (UPE): karo ikaondolewa, mwanzoni kwa watoto wanne wa kila familia, baadaye kwa wote. Wanafunzi nchini wakaongezeka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja. Kasese iliupokea mpango huo ikiwa vitani, kwa kuwa waasi wa ADF walikuwa wameshambulia Mpondwe, jirani na Bwera, Novemba 1996, na familia nyingi zikakimbia makazi yao.

Ongezeko hilo lilitokea bila sheria yoyote ya kumlazimisha mzazi. Sheria ya Elimu iliyotamka kwamba elimu ya msingi ni ya lazima kwa mtoto wa miaka 6 na kuendelea, kwa miaka 7, ilipitishwa mwaka 2008, miaka 11 baadaye. Karo ilipoondoka, wazazi walikuja wenyewe. Sheria hiyohiyo inamwachia mzazi chakula, mavazi na usafiri wa mtoto, na kwa familia ya mlimani yenye watoto watano au sita, hapo ndipo neno “bure” linapoishia.

Atakayepinga atataja watoto wanaochimba chumvi Katwe, wanaovua samaki Ziwa George, au wanaobeba mizigo siku za soko Mpondwe. Wapo, na wako wazazi wanaowatuma, siwatetei. Lakini mtoto wa namna hiyo mara nyingi aliwahi kuandikishwa akaacha, kwa sababu ya njaa ya mchana, daftari au sare. Faini kwa mama yake haitamrudisha darasani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba nchi maskini haina fedha. Ni kweli kwamba ruzuku ya 1997 ilikuwa shilingi 5,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa madarasa ya chini na 8,100 kwa wa madarasa ya juu. Hata hivyo, uchunguzi wa miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba, kwa wastani, shule za Uganda zilipokea asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotengwa kwa ajili yake. Sehemu kubwa ya iliyobaki iliishia mikononi mwa maofisa wa wilaya. Serikali ilipoanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, fedha zilizofika shuleni ziliongezeka sana. Ofisa naye hutii anapobanwa.

Kwa hiyo, kwa Kasese, sheria inayostahili jina la lazima ingeiamuru serikali ijenge upya kwa muda uliotajwa shule zinazoharibiwa mto Nyamwamba unapofurika, kama ulivyofurika Mei 2013 na Mei 2020, na iweke shule ambapo mtoto wa mlimani anaweza kufika kwa miguu. Ingeiamuru pia iwalinde wanafunzi. Juni 2023 wanafunzi wa Shule ya Sekondari Lhubiriha, Mpondwe, waliuawa wakiwa bwenini. Shule ile haikuwa ya msingi, lakini dola inayomwamuru mzazi amtoe mtoto wake nyumbani inawajibika kwa usalama wake kuanzia anapotoka mlangoni, na mzazi apewe njia ya kuishtaki mahakamani isipotimiza wajibu huo.