Kabla ya Darasa la Kipaimara

Januari 1529, katika mji wa Wittenberg huko Ujerumani, wachapaji walitoa karatasi kubwa za kubandikwa ukutani. Zilikuwa na Amri Kumi, Imani na Sala ya Bwana, pamoja na maelezo mafupi kwa njia ya maswali na majibu, na vichwa vyake vilitaja wazi nani wa kufundisha: mwenye nyumba, awafundishe watu wa nyumbani mwake. Martin Luther aliyeyaandika alikuwa ametoka kukagua sharika za Saxony, akakuta watu wazima waliobatizwa wasiojua hata Sala ya Bwana, na wachungaji wasio na la kuwafundisha. Naye alikuwa baba. Mwanawe Hans hakuwa ametimiza miaka mitatu, na binti yake Elisabeth alikuwa amefariki akiwa mchanga Agosti 1528. Mwaka huohuo wa 1529 maandishi yale yakawa kitabu, ndicho hiki tunachokiita Katekisimo Ndogo.

Nimefundisha kipaimara hapa Old Moshi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kila darasa jipya linapoanza, wazazi wananikabidhi watoto kwa maneno yaleyale: "Mwalimu, tunakuachia huyu." Wanasema kwa heshima na kwa kuniamini, nami napokea. Lakini wanachoniachia hakikuwa changu tangu mwanzo, na mlima huu wa Kilimanjaro una ushahidi.

Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, na mwaka 1896 wakafungua misheni Kidia, hapa kwetu. Katekisimo walikuja nayo, ila mwenye nyumba waliyemhitaji hawakumpata. Baba wa Kichagga wa siku zile alikuwa akitambikia mizimu ya ukoo wake, na hakuwa na sababu ya kuacha. Waliowapata ni vijana, baadhi yao wakilala na kula palepale misheni. Hata waliobatizwa kwanza Machame mwaka 1898 walikuwa vijana wa shule. Kitabu cha baba kikawa kitabu cha darasani, na mara nyingi mtoto ndiye aliyepanda kihambani, shambani kwao nyumbani, kumweleza mama yake habari za Yesu. Siwalaumu wamisionari, maana hawakuwa na njia nyingine. Lakini mazoea yalianzia hapo, ya kuona kwamba imani hufundishwa kule kanisani, na mwalimu, kwa saa zake.

Wala si kwamba nyumba zetu hazikuwa na mafundisho. Bruno Gutmann, aliyefika mlimani mwaka 1902 na kuongoza usharika wa Old Moshi kwa miaka mingi hadi 1938, alikaa na wazee akaandika mafundisho ya jando ya Wachagga. Yakajaza mabuku matatu. Wazee walifundisha kwa mregho, fimbo iliyochongwa alama, ambayo mwalimu aliifuata alama kwa alama ili asiruke fundisho. Otto Raum, mtoto wa mmisionari aliyekulia mlimani, akatoa mwaka 1940 kitabu kizima juu ya utoto wa Kichagga, na humo wazazi na mabibi wanafundisha kutwa: adabu ya kula, majina ya ndugu, namna ya kumsalimu mkubwa. Mababu zetu hawakumwachia mtu baki kazi hiyo.

Gutmann aliliona hilo, akataka Ukristo upite katika ukoo, ujirani na rika. Vijana waliopata kipaimara aliwaunga katika vikundi vya rika ili wachungane. Wasomi wetu wamemkosoa kwamba alitaka kutuweka katika zamani wakati watu walikuwa wakidai shule, na nadhani wana haki. Mimi nina lawama yangu nyingine. Nyumba ya Mchagga aliitazama mno kupitia baba na wazee wa ukoo, na mama aliyekuwa na mtoto tangu alfajiri hadi usiku akamwona kidogo.

Kisha wamisionari wakaondolewa. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, mwaka 1920, Waingereza waliwafukuza karibu Wajerumani wote wa misheni. Walutheri wa Marekani walikuja baadaye kusaidia, wachache kwa kazi kubwa mno. Wachungaji wa kwanza Wachagga walibarikiwa mwaka 1934. Katikati hapo, sharika zilikuwa mikononi mwa walimu wenyeji, wenye mishahara midogo na maeneo mapana, ambao hawangeweza kufika kila boma. Ilipofika vita ya pili, Wajerumani wakakamatwa tena. Mtu akisoma orodha za wamisionari peke yake, angedhani kanisa la Kilimanjaro lilisimama na kuanguka mara mbili. Halikuanguka, kwa sababu wakati ule tayari kulikuwa na akina mama na akina baba waliobatizwa, na mambo yaliyomo katika karatasi zile za Wittenberg walikuwa nayo kichwani.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa msichana wa umri wa kipaimara Wajerumani walipoondoka. Hakujua kusoma. Aliipata katekisimo kwa masikio, kwa Kichagga, kutoka kwa baba yake, ambaye naye aliipata kwa mwalimu. Alitufundisha jioni tukimenya ndizi, ng'ombe wakitafuna majani upande wa pili wa nyumba ileile. Hakufuata mpangilio wa kitabu. Alitaja amri ya nane, akamgeukia mmoja wetu, na mtoto aliyemsema vibaya mwenzake mchana alijua kwa nini ameulizwa yeye. Tukishindwa, hakutuchapa, alisema jibu mwenyewe, polepole, kisha akauliza tena kesho yake. Ugali au mtori ulipoiva, mdogo kuliko wote ndiye aliyeomba, na hakuna aliyegusa chakula kabla. Babu alikuwa mzee wa kanisa na aliheshimika sana. Lakini nikijiuliza nilimjua Mungu kutoka kwa nani, jibu ni Bibi.

Luther alifika hata kuandika katika dibaji yake kwamba mtoto anayekataa kujifunza anyimwe chakula. Hilo silikubali, na Bibi asingelikubali. Ila linaonyesha alimfikiria nani: mtu mwenye mamlaka juu ya chungu.

Siku hizi kipaimara kwetu kimekuwa na sherehe kubwa. Kuna keki, kuna mshereheshaji, kuna ndugu wanaopanda mabasi kutoka Dar es Salaam. Nafurahi nao, nala nao. Kinachoniuma ni pale ninapomuuliza mtoto anayenunuliwa suti anaomba na nani nyumbani, akatazama chini. Wengi wako shule za bweni. Wengine wazazi wanarudi usiku wamechoka. Najua ugumu huo, nimelea watoto wangu katika mishahara ya usharika.

Mwisho wa Katekisimo Ndogo kuna sehemu ambayo madarasa mengi huipita haraka, kwa kuwa haiulizwi sana siku ya mtihani: sala ya asubuhi, sala ya jioni, sala kabla ya chakula na baada yake. Kwa muda mrefu nami nimeamini kwamba hiyo ndiyo sehemu inayobeba nyingine zote, kwani hakuna mwalimu awezaye kuifundisha darasani saa kumi alasiri. Sasa, katika mkutano wa kwanza na wazazi, naanzia huko. Nawaomba wachague sala moja tu waishike nyumbani kwa mwezi mzima, na amri moja kwa juma, na mzazi ndiye awe wa kwanza kumsikiliza mtoto. Baba mmoja ni dereva wa lori, analala Tunduma mara nyingi kuliko kwake. Aliniuliza kama simu inafaa. Nikamwambia inafaa. Binti yake amefika amri ya sita, na juma lililopita alinisahihisha neno nililolikosea, akasema baba yake hulitamka vingine.