Mgeni Katika Machimbo ya Dhahabu: Wajibu wa Mashirika ya Hisani na wa Parokia

Majimbo ya Shinyanga, Kahama na Geita yamo katika ukanda uliozoea kupokea wageni. Mgodi wa kwanza wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi tangu mwaka 1936 hadi 1966, na almasi ya Mwadui ilianza kuchimbwa mwaka 1940. Baadaye ulifunguliwa mgodi mpya wa Geita mwaka 2000, kisha Bulyanhulu mwaka 2001. Kando ya migodi hiyo mikubwa wanaishi wachimbaji wadogo. Habari za dhahabu zikisikika, hutokea kile wanachokiita wenyewe "rashi": katika majuma machache pori hugeuka kuwa mji wa maturubai, wenye wachimbaji, mama lishe, wenye makarasha, wauza maji na watoto wao.

Mhamiaji ni nani?

Yafaa kutofautisha makundi mawili. Mkimbizi ni mtu aliyeikimbia nchi yake kwa kuhofia uhai wake, kama ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliopokelewa mkoani Kigoma. Shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, limefanya kazi hiyo nchini tangu mwaka 1964. Mwaka 2014 Serikali iliwapa uraia watu zaidi ya 160,000 wenye asili ya Burundi, wakiwemo wa Ulyankulu mkoani Tabora, ambao walikimbia mwaka 1972 au ni wazao wao.

Mhamiaji wa ndani hakuvuka mpaka wowote. Kisheria hana upungufu mbele ya mwenyeji. Hata hivyo, katika machimbo hana ukoo, hana shamba, wala hana jirani anayelijua jina lake kamili. Huyu ndiye mgeni tunayekutana naye zaidi katika ukanda wetu, na ndiye tunayemsahau kwa wepesi zaidi, kwa kuwa ni raia mwenzetu.

Mashirika yanafanya nini?

Kwanza, yanawalinda watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtu wa chini ya miaka 18 katika kazi za hatari, uchimbaji ukiwemo. Pamoja na hayo, mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi watoto walivyokuwa wakifanya kazi katika machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya, wengine wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Mashirika kama Plan International yamefanya kazi mkoani Geita ili watoto watoke machimboni na kurudi shuleni.

Pili, yanaelimisha kuhusu afya. Zebaki inayochomwa ili kupata dhahabu hudhuru ubongo na figo, na huwadhuru zaidi watoto na mama wajawazito. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020.

Tatu, yanawainua wanawake. Chama cha wanawake wachimbaji, TAWOMA, kilianzishwa mwaka 1997 ili mwanamke awe na sauti na leseni, asibaki mponda mawe tu.

Nne, Kanisa lina Caritas, ambayo ni chombo chake cha upendo na maendeleo, kuanzia Baraza la Maaskofu hadi majimboni.

Kwa nini mashirika peke yake hayatoshi?

Mradi una bajeti na tarehe ya mwisho. Rashi nayo huhama: duara likikauka, watu huondoka kabla ripoti haijaandikwa. Parokia haina mwisho wa mradi. Shirika linaweza kumpa mtoto sare za shule. Jirani ndiye atakayegundua kwamba leo hakwenda.

Kanisa linafundisha nini?

Baba Mtakatifu Fransisko alifupisha wajibu wetu kwa vitenzi vinne: kupokea, kulinda, kukuza na kuunganisha. Sheria za Kanisa nazo ziko wazi. Kwa Kanuni ya 102, aliyekaa parokiani miezi mitatu kamili, au aliyefika akikusudia kukaa muda huo, ana makazi ya muda. Kwa Kanuni ya 107, makazi hayo humpatia paroko wake. Na asiye na makazi popote, paroko wake ni yule wa mahali alipo sasa. Kanuni ya 529 inamtaka paroko awatafute kwa bidii maskini, wapweke na walio mbali na nchi yao.

Basi hakuna Mkatoliki machimboni asiye na paroko. Katika parokia nyingi ubatizo, ndoa na maziko huombwa kupitia Jumuiya Ndogo Ndogo. Utaratibu huo ni mwema, lakini mgeni ambaye hakukaribishwa katika Jumuiya yoyote asihukumiwe kwa kukosa barua ya Jumuiya.

Tufanye nini?

Jumuiya zilizo karibu na machimbo ziwe na daftari la wageni: jina kamili, parokia ya asili, na simu ya ndugu mmojawapo. Novemba 2015, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai katika machimbo ya Nyangalata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Duara linapoporomoka, swali la kwanza ni nani alikuwamo. Asiyejulikana hatafutwi, na akifa huzikwa bila mama yake kupata habari.

WAWATA wawatembelee mama lishe na kuwaalika katika vikundi vya kuweka na kukopa. VIWAWA wawafuate vijana wenzao waliko. Katekista amsaidie mzazi mgeni kufuatilia uhamisho wa mtoto shuleni. Kamati ya Caritas ya parokia iyafahamu mashirika yaliyopo wilayani, ili mwenye shida aelekezwe mahali sahihi.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huutumia usemi huu kumwonya mgeni asiwe mvivu. Lakini anayepewa jembe amepewa pia nafasi shambani, na jioni hurudi nyumbani pamoja na wenyeji. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, Bwana anajitambulisha kuwa ndiye mgeni aliyekaribishwa au aliyeachwa nje. Jumapili hii, baada ya Misa, tumtafute mmoja tusiyemfahamu, tumwulize jina lake, na tuliandike.