Nyumba Isiyouzwa: Mtaa, Ukoo na Uzee katika Mji wa Lamu



Tusikiapo neno kustaafu, wengi wetu hufikiria barua ya mwajiri, kiinua mgongo na safari ya kurudi nyumbani. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kuomba kuondolewa dhima. Lakini katika miji ya mawe ya pwani yetu watu walizeeka kwa karne nyingi bila ya mwajiri wala barua. Walijifunza, wakafanya kazi na wakapumzika katika vichochoro vilevile. Hata aliyesafiri na jahazi kwa kaskazi na kusi alirejea mlangoni palepale. Katika mhadhara huu nakusudia kuchunguza kilichowezesha mpango huo, kwa mfano wa mji wa Lamu. Hoja yangu ni kwamba mtaa wa ukoo haukusimama juu ya mapenzi na adabu peke yake. Ulisimama juu ya nyumba isiyouzwa.

Lamu imegawanyika pande mbili kuu, Mkomani upande wa kaskazini na Langoni upande wa kusini. Zamani wenyeji walijigawa pia katika makundi mawili, Zena na Suudi, yaliyoshindana na kuendesha mji kwa zamu. Wataalamu kama A. H. J. Prins, aliyechapisha Sailing from Lamu mwaka 1965, na Abdul Hamid el-Zein, mwandishi wa The Sacred Meadows wa mwaka 1974, walionyesha jinsi makazi, nasaba na daraja zilivyofungamana. Kumtambua mtu kulihitaji kujua mtaa wake, na kujua mtaa wake kulikuwa karibu sawa na kujua jamaa zake.

Tuanze na kujifunza. Chuo cha Kurani kilikuwa mara nyingi barazani au katika chumba cha nyumba ya mwalimu, hatua chache kutoka kwa mama wa mtoto. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika Desturi za Wasuaheli iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, ameeleza malezi hayo ya chuoni kwa mrima, nayo yanafanana sana na ya Lamu: ubao wa kuandikia, mwalimu mwenye mamlaka ya mzazi, na furaha ya kuhitimu. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwalimu huyo aliweza kuwa mjomba au jirani wa miaka mingi. Elimu haikumtoa mtoto mtaani, ilimwingiza zaidi.

Kazi nayo ilifuata njia hiyo. Useremala, uchongaji wa milango, biashara na ubaharia vilirithishwa kwa mtoto kukaa karibu na fundi, akimpa zana na kutazama mkono wake. Majahazi yaliundwa Matondoni, katika kisiwa hichohicho. Wanawake, ambao maandishi ya wageni yaliwasahau kwa urahisi, walifanya kazi ndani ya nyumba, na ushonaji wa kofia ulikuwa miongoni mwa kazi zilizoingiza fedha bila ya mtu kuvuka kizingiti.

Mwisho wa njia hiyo ulikuwa daka, yaani ukumbi wa mlangoni wenye viti vya mawe ubavuni. Hapo mzee aliyeacha bahari au duka alikaa baada ya sala, na hapo ndipo kazi yake nyingine ilipoanza. Alikuwa shahidi wa ndoa, msuluhishi wa mipaka ya viambaza, mjuzi wa nani ana deni kwa nani na nani ni wa nasaba gani. Methali husema penye wazee haliharibiki neno. Methali hiyo, hata hivyo, haisemi wazee hao wanakaa wapi. Lamu ilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa la mawe na chokaa.

Nyumba ilibakije? Fikirieni mtu aliyefariki akaacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Kwa mirathi ya Kiislamu nyumba hugawika mafungu 8: mjane 1, kila mwana 2, kila binti 1. Ikifika kwa wajukuu, mafungu yamekuwa membamba kiasi kwamba njia nyepesi ni kuuza na kugawana fedha. Wenye mali waliliona hilo mapema, wakatumia njia mbili. Kwanza, baba alimpa binti yake nyumba au ghorofa wakati wa kuolewa, na mume ndiye aliyehamia. Nyumba za jamaa ziliungwanishwa kwa wikio, daraja la juu ya kichochoro, ili wanawake watembeleane bila ya kushuka njiani. Pili, mali ilifungwa kwa wakfu wa dhuria: haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi; manufaa yake ni ya kizazi cha mwenye kuiweka, na kizazi kikikatika huenda kwa masikini au msikiti.

Hata hivyo, tusiupambe mtaa huo kupita kiasi. Utulivu wa wazee waungwana uligharimiwa kwa sehemu kubwa na jasho la watumwa waliolima mashamba ya bara na kubeba mawe ya matumbawe. Utumwa ulipoteza nguvu ya kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Aidha, elimu ya juu ya dini haikuwafikia wote kwa usawa. Ndiyo maana kazi ya Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, na msikiti wa Riyadha huko Langoni, ina uzito katika historia hii: hapo watu wasiokuwa na nasaba ya kujivunia walipata darasa, na mtaa wao ukapata kitovu chake.

Pigo kwa nyumba isiyouzwa lilitoka pia mahakamani. Mwaka 1894 Baraza la Faragha la Uingereza, katika shauri la kutoka Bengal, liliamua kwamba wakfu ambao hisani yake kwa masikini ni ya mbali mno ni batili. India ilirekebisha jambo hilo kwa sheria ya mwaka 1913. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika shauri lililotoka Kenya, Baraza hilohilo lilishikilia msimamo wake wa zamani. Kwa majaji wale, kumtunza mjukuu hakukuwa hisani. Kwa watu wa pwani kulikuwa hisani ya kwanza. Sheria ya wakfu ya Kenya ya mwaka 1951 ililegeza ugumu huo, lakini mashaka yalikwisha kuingia katika nyoyo za wenye mali.

Mwaka 2001 UNESCO iliuorodhesha mji mkongwe wa Lamu katika urithi wa dunia. Mawe yakapata ulinzi, na bei ya nyumba ikapanda. Gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021, nalo limeleta swali la wapi vijana watafanya kazi. Zanzibar, mji ndugu, kuanzia Aprili 2016 ililipa kila mkazi aliyefikia miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi. Hatua hiyo inastahili sifa, kwani inamfikia hata mzee asiyekuwa na ukoo wala nyumba. Lakini pensheni humpa mzee riziki. Haimpi kazi ya kusuluhisha wala watoto wa kumsikiliza.

Mabibi na mabwana, tunapozungumzia kuhifadhi miji yetu, tumezoea kuhesabu milango iliyochongwa na zidaka zilizosalia. Napendekeza tuhesabu pia nyumba ambazo mtoto bado anasoma, mtu mzima anafanya kazi na mzee anakaa dakani chini ya paa moja. Hizo haziokolewi kwa chokaa pekee. Zahitaji wanasheria wetu waitazame upya wakfu wa dhuria, na jamaa wenyewe wakubaliane kabla ya mafungu 8 kuwa 80. Daka lisilokuwa na mwenye kulikalia ni pambo la mlango tu.