Malale na Amri ya Kuhama: Funzo la Nchi ya Buha

Husemwa kwamba maradhi hayachagui tajiri wala maskini. Huo ni nusu ya ukweli. Mbung'o humuuma yeyote apitaye porini, lakini amri ya serikali ya kupambana na mbung'o haiwaangukii watu wote sawasawa. Nyanda za juu za Kigoma, tokea Kumsenga na Kibondo mpaka Kasulu, zinayo historia inayothibitisha jambo hili.

Malale hayakuenea kwa sababu wakulima wetu walikuwa wajinga. Wazee wetu walilizuia pori kwa jembe, kwa moto na kwa mifugo. Kisha ikaja sotoka ya miaka ya 1890 iliyoangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki. Ikafuata Vita Kuu ya Kwanza, ambamo wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi, na Buha ikatawaliwa na Wabelgiji tangu 1916 hadi 1921. Mashamba yakaachwa, pori likarudi, na mbung'o wakarudi pamoja nalo.

Kuanzia mwaka 1933 serikali ya Mwingereza iliwahamisha Waha waliokaa mbalimbali porini na kuwakusanya katika makazi maalum. Hesabu yake ilikuwa hii: wakulima wengi wakilima mahali pamoja watakata vichaka, na mbung'o watakosa kivuli, tena mganga atawapata wagonjwa kwa urahisi. Hatuna budi kusema kweli kwamba hesabu hiyo haikuwa ya uongo. Mgonjwa aliyekaa karibu na sindano aliweza kupona, na aliyekaa mbali alikufa.

Lakini tuulize: nani alilipa gharama? Si mwenye shamba la katani kule Tanga. Aliyelipa ni mkulima aliyeacha shamba lake, mizinga yake ya nyuki na makaburi ya wazee wake, akaenda kufyeka pori jipya kwa mikono yake. Hakuulizwa. Amri ilipitia kwa wami na watwale, nao walikwisha kufanywa vyombo vya utawala wa kikoloni. Na alipofika huko, kodi ilimngoja. Kwa kuwa Buha haikupewa zao la maana la biashara, fedha ya kodi ilitafutwa kwa umanamba. Hivyo serikali ile ile iliyomtibu Mha malale ilimwacha katika umaskini uliompeleka kuuza nguvu zake mamia ya maili kutoka kwao. Ilitibu damu, haikutibu unyonge.

Nasi tujisahihishe. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ulisisitiza kwamba wananchi washiriki katika kupanga maendeleo yao. Mwaka uliofuata Operesheni Kigoma iliwahamisha tena wakulima. Shabaha ilikuwa tofauti kabisa: shule, maji na zahanati kwa wote. Lakini pale kiongozi alipotumia amri badala ya maelezo, mzee aliyehamishwa miaka ya 1930 alikuwa na haki ya kuona kwamba njia ni ile ile. Shabaha njema haihalalishi ubwanyenye wa viongozi.

Jambo hili si la zamani tu. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia, nchi jirani ya Uganda ilisimamisha usafiri wa magari ya umma, kisha na ya binafsi. Mwenye mshahara aliweza kukaa nyumbani na kungoja. Kibarua alayeye jasho la siku ile alipoteza riziki, na mjamzito asiye na gari alihangaika kufika hospitali.

Kwa hiyo, kila serikali inapotoa amri kwa ajili ya afya, tusiishie kuuliza kama amri hiyo inazuia maradhi. Tuulize pia nani anahama na nani anabaki, nani anapoteza shamba na nani anafidiwa, nani aliketi katika kikao cha uamuzi. Kinga ambayo gharama yake yote hubebwa na mnyonge hupunguza maradhi na kuongeza tofauti. Kazi ya Chama ni kuhakikisha mzigo huo unabebwa na wote.